Chupa ya Arki ya Lozi na Pua ya Mzee Sadoki

Tarehe 30 Juni 1955, Mzee Sadoki Kibona, mnyapara wa matangi, anastaafu baada ya kuutumikia Mgodi wa Mwamba Mweupe kwa miaka ishirini na mmoja na miezi minne. Aliingia katika lango la mgodi huu, hapa upande wa Saza, tarehe 1 Machi 1934, akiwa na blanketi moja, sufuria moja, na barua ya mchungaji wa Ikinga iliyosema kwamba anajua kuoka mikate na hanywi pombe siku za kazi.

Kamati ya sherehe imeniomba niandike wasifu huu kwa sababu vitabu vya zahanati viko mikononi mwangu. Kabla sijaendelea, kuna jambo ambalo msomaji ana haki ya kulijua. Lusubilo Nzunda, ambaye jina lake litatajwa hapa mara nyingi, ni kaka yangu. Nimejitahidi kuandika kama mtu wa nje. Pale niliposhindwa, mnisamehe.

Mzee Sadoki alianzia jikoni. Kwa mwaka mzima alipika katika nyumba ya chakula ya Wazungu, na sifa yake kubwa ilikuwa keki. Siri ya keki hizo ilikuwa chupa ndogo ya kahawia, ndefu kama kidole, iliyojaa arki ya lozi. Wataalamu huiita benzaldehidi. Ni kitu cha majimaji chenye harufu tamu, kinachotiwa katika keki na peremende, na pia katika sabuni na manukato. Matone mawili yanatosha keki nzima. Mzee Sadoki aliificha chupa hiyo nyuma ya pipa la unga, maana wapishi wenzake walipenda kujipaka shingoni siku za Jumapili.

Asubuhi moja ya Aprili 1935, Bwana Mkemia, yule Mzungu mrefu aliyesimamia matangi wakati ule, alikuja kunywa chai kabla ya kubadili koti. Mzee Sadoki aliweka buli mezani, akasimama, akanusa, akasema kwa hasira iliyofunikwa na heshima, “Bwana, nani amekupa chupa yangu?”

Hakuna aliyempa. Harufu ilitoka kwenye koti, na koti lilitoka kwenye matangi ya sianidi, ile sumu inayotumika kuitoa dhahabu katika mchanga uliosagwa. Hewa inayotoka kwenye sumu hiyo huua kwa dakika chache, nayo hunuka kama lozi chungu. Bwana Mkemia aliiacha chai ikapoa. Juma lililofuata Mzee Sadoki alihamishiwa matangi, na jikoni kulitafutwa mpishi mwingine.

Kwa wageni wetu wa leo wasiojua matangi, nieleze kidogo. Chokaa ikiwa ya kutosha, sumu hutulia ndani ya maji. Chokaa ikipungua, hewa mbaya hupanda. Kwa hiyo siku zile watu wa matangi walifundishwa mambo mawili tu: tia chokaa, na ukinusa lozi, kimbia.

Lakini utajuaje kwamba mtu ananusa? Huwezi kumpa sumu yenyewe ili umjaribu. Mzee Sadoki ndiye aliyepata jibu, na Bwana Mkemia alilikubali papo hapo. Kila Jumatatu, saa kumi na mbili asubuhi, watu wote wa matangi walipanga mstari mbele ya stoo. Mzee Sadoki alilowesha pamba kwa arki ya lozi kutoka ile chupa ya jikoni, akaipitisha puani kwa kila mmoja. Aliyesema “lozi” aliandikwa kuwa amepita. Aliyesema hanusi kitu alipelekwa kwenye uwanja wa chokaa, mbali na hatari. Amoni Swila, ambaye mnamjua kwa mzaha, hakuwahi kusema “lozi” hata siku moja. Alisema, “Nanusa Krismasi,” naye aliandikwa vivyo hivyo.

Kipimo hicho kilidumu miaka kumi na minne. Katika miaka hiyo hakuna mtu wa matangi aliyezikwa kwa ajili ya hewa. Migodi mingine ilituma watu kuja kukitazama.

Ili kipimo kifanye kazi, harufu ya lozi ilipaswa kuwa na maana moja tu kambini. Somo hilo lilipatikana Desemba 1938, siku Kefa Simbeye alipomwoa Anastazia. Keki ilikuwa imeagizwa Tunduma, ikaja kwa lori juu ya magunia, imefungwa kwa shuka safi. Kisu kilipoingia ndani ya keki, wanaume kumi na mmoja wa matangi waliinuka kwa pamoja na kukimbia kuelekea upepo unakotoka. Bwana harusi alikuwa wa tatu. Anastazia alibaki na kisu mkononi. “Kefa!” aliita. “Tumefunga ndoa asubuhi, mchana unanikimbia?” Kefa alijibu kutoka nyuma ya ua, “Toka nje kwanza, mke wangu! Tutaoana upya huku!” Mzee Sadoki mwenyewe anakiri kwamba yeye alitoka kwa kupitia dirishani.

Tangu siku hiyo arki ya lozi ilipigwa marufuku kambini, katika keki, sabuni na mafuta ya nywele. Kila mwisho wa mwezi, wafanyabiashara walipofika kutoka Tunduma na bidhaa za ng'ambo ya mpaka, Mzee Sadoki alipita akifungua kopo baada ya kopo. Nesta Siame, aliyekuwa akiuza mafuta ya nywele na ambaye sasa ni marehemu, alimwambia siku moja mbele ya watu, akianza na neno la heshima la kwao, “Mukwai, Mzee, pua yako ingekuwa mdomo, mimi ningekuwa nimefilisika.” Mzee Sadoki alifunga kopo, akasema asante, akafungua lingine.

Sasa nafika Jumatatu ya tarehe 14 Machi 1949. Nimekisoma kitabu cha zahanati cha siku hiyo mara nyingi kuliko inavyonifaa.

Mvua zilikuwa zimekata njia kwa siku tisa, na lori la chokaa lilikuwa limekwama kwenye matope huko njiani. Tangi namba tatu lilikuwa limetolewa maji, likabaki na tope la kukwangua. Chokaa iliyotiwa humo Jumamosi ilikuwa nusu ya kipimo, na usiku wa Jumapili mfuniko ulivuja mvua. Asubuhi, mstarini, Lusubilo alisema “lozi” kabla pamba haijamfikia usoni. Alikuwa na miaka ishirini na mitatu, na huo ulikuwa mwezi wake wa pili katika matangi. Saa mbili kasoro robo alishuka ngazi ya tangi namba tatu akiwa na koleo. Juu alibaki Fanueli Simkoko kushika kamba ya ndoo. Amoni alikuwa amekwenda kuchukua ndoo ya pili.

Mzee Sadoki alikuwa akifunga stoo, hatua themanini kutoka pale. Upepo uligeuka. Anasema kwamba kwanza alikasirika, akidhani kuna mtu ameingiza arki kambini kwa siri. Hasira hiyo ilidumu hatua mbili. Hatua ya tatu alikuwa anakimbia.

Alimkuta Lusubilo ameketi kwenye tope, mgongo ukutani, akitabasamu. Fanueli alikuwa ameshaweka mguu mmoja kwenye ngazi ili ashuke kumsaidia. Mzee Sadoki alimkamata kwa ukosi wa shati mpaka shati likachanika. “Ukishuka, nitavuta maiti wawili! Lete kamba!”

Kisha aliinama ukingoni, amebana pumzi, akaita, “Lusubilo, simama!”

“Niache kidogo, tata,” alijibu, akimwita baba kwa lugha ya kwetu. “Miguu imelala.”

“Simama!”

Lusubilo hakujibu tena. Kamba ilikuwa tayari, imefungwa kitanzi, lakini mtu aliyeketi ameegemea ukuta havutiki kwa kitanzi. Mzee Sadoki alirudi nyuma, akavuta hewa safi, akainama mara ya pili, akapiga kelele ambayo ilisikika hadi ofisini: “Mvivu wewe! Ndiyo maana watu wanasema mama yako alizaa gunia la mahindi akalivalisha suruali!”

Kaka yangu hajawahi kuvumilia kusikia mama yetu akitajwa vibaya. Aliinuka. Aliinuka akishika ukuta kwa mkono mmoja, ngumi ya mkono wa pili juu, kinywa wazi ili ajibu, na hapo kitanzi kikashuka juu ya ngumi na mabega yake. Amoni alikuwa amerudi. Walivuta watatu. Alipofika juu hakuwa na fahamu.

Elina Siame, muuguzi wetu, alipasua puani mwake kichupa cha ile dawa ya kunusa iliyowekwa zahanati kwa ajili ya siku ya namna hiyo. Kitabu kinasema: saa mbili na dakika ishirini, hajui kitu. Saa tatu, hajui kitu. Saa nne kasoro robo, anapepesa macho. Saa tano, ameomba maji. Kisichoandikwa kitabuni, lakini Elina amenieleza, ni kwamba kabla ya kunywa aliuliza ni nani aliyemtukana mama yake.

Mpaka hapo hadithi hii inatosha kumpa mtu medali, na wengi huishia hapo wanapoisimulia. Mimi naona sehemu iliyo nzito kuliko hiyo ilikuja siku mbili baadaye.

Jumatano, mbele ya ofisi, Bwana Meneja alifanya uchunguzi. Hoja yake ilikuwa nyepesi. Lusubilo alipimwa asubuhi ileile na akapita. Kwa hiyo alinusa. Alinusa akakaa, ama kwa uvivu ama kwa kujionyesha. Kanuni ilisema mtu wa namna hiyo afukuzwe na kipande chake, yaani kadi yake ya kazi, kiandikwe “mzembe”. Mwenye kipande kilichoandikwa hivyo hakuajiriwa na mgodi wowote. Baba yetu alikuwa amefariki miaka miwili nyuma. Mimi nilikuwa shule ya bweni, na aliyenisomesha alikuwa Lusubilo peke yake. Alisimama pale akiyumba, akasema sentensi moja tu aliyokuwa nayo: “Sikunusa kitu.” Watu walicheka kwa huruma. Hata rafiki zake hawakumwamini, kwa sababu wote walikuwa mstarini Jumatatu.

Mzee Sadoki angeweza kunyamaza. Nimelifikiria sana jambo hili. Hakuna mtu aliyekuwa amemuuliza swali. Alikuwa shujaa wa mgodi mzima, kipimo chake kilikuwa kimetimiza miaka kumi na minne bila doa, na kijana aliyekuwa akishtakiwa alikuwa na miezi miwili tu kazini.

Aliomba ruhusa, akaenda, akarudi na mkebe uliofungwa. Ndani yake kulikuwa na tope la tangi namba tatu. Aliuweka juu ya jiwe, mahali penye upepo, na Bwana Mkemia akasimama karibu kuhakikisha kwamba unafunguliwa kwa nukta chache tu, kwa mkono ulionyooshwa. Mfuniko ulipofunguka, Mzee Sadoki aligeuza uso akakohoa. Bwana Mkemia alirudi hatua moja nyuma. Lusubilo aliinama.

“Unanusa nini?”

“Udongo.”

“Na nini tena?”

“Udongo na chokaa kidogo, tata. Kuna kingine?”

Mzee Sadoki alifunga mkebe, akatoa chupa ya kahawia mfukoni.

“Lozi,” alisema Lusubilo, kizibo kikiwa bado mkononi mwa mzee.

Maneno yaliyofuata nimeyapata kwa watu wanne waliokuwapo, na wote wameyasema karibu sawasawa. Mzee Sadoki aligeuka kwa watu, si kwa Meneja, akasema: “Vitu hivi viwili vinafanana, lakini si kitu kimoja. Arki ni tamu mpaka mwisho. Ile ya tangi inakwaruza koo. Mimi hilo nimelijua kwa pua tangu siku nyingi, ila sikutaka kulijua kwa kichwa, kwa sababu kipimo kilikuwa changu na mlikisifu. Nilikuwa nawapima kwa keki. Kijana hana kosa. Kosa ni langu.”

Bwana Meneja alisema huyo ni mtu mmoja tu, mtu mmoja hathibitishi kitu.

“Basi waite wote, Bwana.”

Waliitwa thelathini na mmoja. Walinusa chupa, na wote thelathini na mmoja walisema lozi. Kisha wakapita mbele ya mkebe mmoja mmoja, na kila aliyerudi nyuma akikunja uso alipelekwa kushoto. Saba hawakurudi nyuma. Saba waliinama juu ya mkebe ule kama mtu anayetazama chungu cha mboga, wakasema udongo. Mmoja wao alikuwa Fanueli Simkoko, aliyekuwa ameingia ndani ya matangi kwa miaka tisa. Fanueli aliomba arudie. Akarudia tena. Mara ya tatu alikaa chini, akaanza kucheka, kisha akaacha.

Bwana Mkemia aliandika baadaye kwamba kuna watu wanaozaliwa hivyo, pua zao nzima kwa kila kitu isipokuwa hewa hiyo moja. Kipande cha Lusubilo hakikuandikwa neno. Wote saba pamoja naye walihamishiwa uwanja wa chokaa siku ileile. Mzee Sadoki alikwenda nyuma ya stoo akaimwaga chupa yake yote ardhini. Kwa siku tatu mahali pale palinukia keki, na watu wazima walizunguka njia ndefu ili wasipite.

Mwezi uliofuata aliomba ruhusa ya siku nne, akaenda Mbozi kwa miguu. Mama yetu, Marta, alikuwa uani akichambua maharage. Mzee Sadoki alichuchumaa mbali na mlango, akapiga makofi ya salamu, akasema, “Mama, nimekuja na mambo mawili. La kwanza, nilikutukana. La pili, chupa yangu nusura ikuzikie mtoto.”

Mama alichambua mpaka ungo ukaisha. Mimi nilikuwa nyumbani kwa likizo, na sijawahi kuona ungo ukichambuliwa polepole namna ile. Kisha akasema, “La kwanza limekwisha. Na gunia hilo nililizaa kweli, ndiyo maana linakula sana. La pili bado. Rudi ukatafute kipimo kingine, ndipo uje ule kwangu.”

Alirudi Agosti. Alikuja na vipande vya karatasi inayobadilika rangi chokaa ikitosha, akavichovya katika bakuli mbele ya Mama, kimoja katika maji matupu, kimoja katika maji ya chokaa, akamweleza. Mama aliuliza, “Na asiyejua kusoma?” Akajibu kwamba ni rangi tu, hakuna kusoma. Siku hiyo alikula.

Hivyo ndivyo zilivyozaliwa kanuni ambazo vijana wa leo wanadhani zilikuwapo tangu mwanzo. Kamba kiunoni kabla ya mguu kugusa ngazi. Watu wawili juu, wakati wote. Karatasi kila asubuhi, na rangi yake kuandikwa kwenye ubao mahali ambapo kila mtu anaona. Hakuna chokaa, hakuna kushuka. Katika mvua za 1952 alifunga matangi siku nne mfululizo, na Bwana Meneja alipokuja akiwaka, Mzee Sadoki alisimama mlangoni akasema, “Andika barua ya kunifukuza, Bwana. Nitaisoma hapahapa.” Barua haikuandikwa. Lori lilifika siku ya tano.

Mwaka huu, alipoulizwa ni nani apokee kazi yake, alitaja jina moja, na ofisi ilikaa nalo miezi miwili bila kujibu. Nyumbani kwetu tulihesabu majuma hayo kimyakimya. Hatimaye aliitwa aeleze. Je, anataka matangi yasimamiwe na mtu asiyeweza kunusa? “Ndiyo,” alisema. “Mimi niliiamini pua yangu, nikakaribia kuua watu wanane. Huyu hataiamini yake hata siku moja. Atasoma karatasi.” Jibu lilikuja Jumatatu iliyopita. Kuanzia kesho, mnyapara wa matangi ni Lusubilo Nzunda.

Mzee Sadoki, wafanyakazi wote wa Mwamba Mweupe, pamoja na nyumba ambazo baba zao hurudi jioni wakiwa wazima, tunakushukuru. Rudi salama Ikinga pamoja na mkeo, mama Aida, kwenye mashamba yenu. Tunakuombea uzee mrefu, wenye kahawa, mvua za kiasi, na hewa ambayo hakuna mtu anayehitaji kuipima.

Tangazo la mwisho kwa wageni wa leo. Marufuku ya mwaka 1938 imeondolewa kwa alasiri moja. Mama Aida ameoka keki yenye matone manne ya arki ya lozi, nayo itakatwa upande wa ofisi. Mtakaponusa, msikimbie. Angalieni ubao kwanza: rangi ya leo imesomwa na Lusubilo saa kumi na mbili asubuhi, na ni nzuri. Kisha kaeni, mle. Kefa, hasa wewe.